Namba Tatu Imeregea

Bungoma,
9 Machi 2024

Kwako Mukhisa, mdogo wangu,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi tu wazima, kama uzima ni kupumua na kula. Mama anameza dawa zake za presha bila kusukumwa, na juzi alitoka mwenyewe kuwaangalia kuku wake. Sally wangu amerudi kazini. Wale wageni wake waliokuja siku ile kumposa walituma rambirambi, lakini hawajasema ni lini watarudi kumaliza maneno yao, na mimi sijawauliza. Mvua bado.

Unaona nimeshika kalamu kama enzi zile ulipokuwa bweni. Nifanyeje? Tangu tumzike ndugu yetu Wakoli, simu yako imekuwa jiwe. Yule mwanamke anayesema mteja hapatikani nimemzoea kama jirani. Barua hii nampa Matthew, yule wa lori la mbegu, ambaye kila Alhamisi hupita karibu na uwanja wa ndege hapo Kitale. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Sasa jambo lenyewe. Uliondoka siku ya pili baada ya mazishi, kabla ya lufu, siku ya kunyoa. Watu walinyolewa nywele, wakakaa, wakangoja. Unajua kwetu siku hiyo aliyeongea na marehemu mwisho ndiye husimama akasema waliongea nini. Kila mtu anajua asubuhi ile Wakoli alikupigia simu ukiwa hapa kwangu, na saa moja baadaye alikuwa ndani ya ile ndege iliyomuua. Tuliita jina lako mara mbili. Baba mdogo Hesbon akasema basi, neno halijasemwa, matanga hayajafungwa.

Na pale ambapo neno halijasemwa, watu hutafuta la kwao. Sasa wamelipata kwa Everlyne. Ati majirani wa Kitale walimsikia akigombana na Wakoli asubuhi hiyo. Ati mume alitoka bila chai. Ati wanawake wa Cheptais wana ulimi mbaya. Baba mdogo anasema mjane arudi kwao mlimani, na watoto wabaki. Ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe kumi Agosti kuamua.

Mukhisa, andika tu mliongea nini. Mistari miwili inatosha.

Dada yako,
Agneta


Kitale,
4 Aprili 2024

Dada Agneta,

Salamu. Mimi niko. Huku mvua imeanza na wakulima wanapanda. Mwambie Mama nimepata ile sweta. Kazini naenda kila siku, nafungua mlango wa karakana, naketi. Chakula nakula ila sijui ninakula nini. Mguu ukikufa ganzi unajua ni wako kwa kuuona tu. Mimi niko hivyo mwili mzima, kwa hivyo usikasirike nikiandika kama karani.

Mwambie Baba mdogo laana haikuwepo. Nitakueleza injini, nawe umweleze.

Ndege ndogo za zamani zilikuwa na kabureta, kama pikipiki. Mafuta na hewa vilichanganyika kooni mwake, halafu kila silinda ikajinyonyea. Ukipita juu ya vilima vya Cherangany kukiwa na ukungu, koo lile liliweza kushika barafu na injini ikazima. Injini hizi mpya hazina koo hilo. Pampu inasukuma mafuta, chombo kimoja kinayapima kulingana na hewa, kisha yanafika juu ya injini kwenye kitu tunachokiita buibui, kwa sababu kina miguu. Hii yetu ilikuwa na sita. Kila mguu ni mrija wa chuma, mwembamba kama ule wa wino ndani ya kalamu, na unaenda kwenye silinda yake. Mwisho wa mrija kuna nozo, ndiyo inayopuliza mafuta ndani. Nati moja ndogo inaushika mrija kwenye nozo.

Mbele ya rubani kuna kioo kinachoonyesha joto la kila silinda. Namba tatu ilikuwa inapanda joto kuliko zile nyingine. Maana yake nozo yake imeanza kuziba. Tuliifungua tukaituma Nairobi ikaoshwe. Uchafu wenyewe ni mdogo kuliko punje ya wimbi. Wakoli ndiye aliyeugundua, mimi nilikuwa nimepitwa. Alikuwa na jicho.

Siku ile mrija wa namba tatu ulikatika shingoni wakiwa angani. Rubani, Kipngetich, alisikia harufu ya mafuta. Akazima injini mwenyewe kuogopa moto, akaishusha kwenye shamba la watu. Ndege ikabiringika kwa upande aliokuwa Wakoli. Hayo ndiyo yaliyotokea. Everlyne hayumo.

Mimi na Wakoli tuliongea mambo ya kazi tu.

Simu sitawasha.

Mukhisa


Bungoma,
25 Aprili 2024

Mukhisa,

Tunakusalimu sote. Mama anauliza kama sweta inakutosha au umekonda. Mvua imefika, na imefika na hasira, imebeba daraja dogo la kwa Wakhungu. Tumepanda mahindi. Sally hajambo, ila amekuwa mtu wa kunyamaza, na hilo nimelijua kwa sababu sufuria zimeacha kupigwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa mimi ni fundi. Nikipewa spana naweza kwenda Nairobi na ndege yangu. Buibui nimemwelewa, nozo nimeielewa, nati nimeielewa. Kitu kimoja tu ndicho sijapata humo, na ndicho nilichoomba. Umeandika kurasa mbili, na mambo ya simu umeyapa mstari mmoja. Mimi nimekubeba mgongoni, Mukhisa. Nakujua ukificha.

Nilimsomea Baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Hayo ni maneno ya chuma. Mimi nauriza maneno ya mtu."

Everlyne anaishi kwa nyumba ya Wakoli hapa nyumbani na watoto wawili. Wiki jana alitoka na jembe kupanda maharagwe. Baba mdogo akamwambia kwa upole, na upole wake ndio mbaya, "Mama, unapanda, nani atavuna?" Everlyne alipanda mistari yote hadi kwenye ua, akaosha jembe, akaingia ndani. Nimemwuliza waligombana nini siku ile. Anasema kilikuwa kitu kidogo. Nikimsukuma anaangalia chini.

Wote wawili mmefunga midomo, na Agosti inakuja. Nimechoka kuwa katikati. Wakati mwingine nakasirika na Wakoli mwenyewe kwa kufa, halafu naenda nyuma ya choo nalia kidogo, na nikirudi naulizwa chumvi iko wapi.

Agneta


Kitale,
20 Juni 2024

Dada Agneta,

Salamu kwa wote. Nisamehe kuchelewa. Matthew alipita mara nyingi, na barua ilikuwa mezani, haina kitu ila tarehe. Sweta inanitosha.

Mwenye ndege ameleta injini nyingine kwa ndege yake ile ya pili, bado iko kwenye sanduku la mbao. Sijaifungua. Wachunguzi kutoka Nairobi walimaliza, wakachukua karatasi zangu zote na kuzirudisha. Waliniuliza juu ya nati na mrija. Juu ya simu hawakuniuliza, nami sikusema.

Kipngetich alikuja, yuko kwenye magongo bado. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu, tukanywa chai. Akaniambia kitu Wakoli alichosema akiingia ndani ya ndege. Kisha akaniuliza swali. Sikumjibu. Aliimaliza chai yake akaenda, na mimi nikaosha vikombe viwili kana kwamba ni kazi ya maana sana.

Injini hizi zina tabia moja. Ukizizima zikiwa moto, mafuta yanachemka ndani ya ile mirija na kugeuka mvuke. Ukirudi baada ya dakika ishirini kuwasha, zinakohoa zinakataa, kwa sababu pampu inasukuma mvuke na mafuta hayafiki. Vijana wengi humaliza betri hapo. Wakoli alikuwa na mkono wake wa kuziwasha: anafungua kifuniko, anaziachia zipoe, anapiga mluzi, anarudi. Aliwaambia marubani, "Msirazimishe. Iko na hasira, itaisha." Nimekumbuka hilo leo bila sababu.

Nina swali. Siku ile pale kwako nilipopokea simu, ulikuwa karibu nami. Ulisikia nikisema nini?

Mukhisa


Bungoma,
8 Julai 2024

Mukhisa,

Hatujambo. Mahindi yamefika kifuani na Mama anasema mwaka huu ghala halitatosha. Huwa anasema hivyo kila mwaka.

Umeniuliza juu ya siku ile. Kulikuwa na kelele nyingi, wageni wa Sally walikuwa wanafika, mimi nilikuwa na mambo ya jikoni. Sikumbuki vizuri.

Tuseme la Everlyne. Ameniambia, hatimaye, na nimeapa kutosema, kwa hivyo naandika. Mtoto wao mkubwa alileta daftari la imla. Mwalimu aliweka alama nyekundu ukurasa mzima. Mtoto ameandika "kurara" mahali pa "kulala", "chakura", yote kama baba yake alivyotamka. Asubuhi hiyo Everlyne alimwonyesha Wakoli daftari mbele ya mtoto, akamwambia azungumze vizuri watoto wasiharibike. Unajua walivyokuwa wakitaniana na hiyo r yetu tangu uchumba, lakini siku hiyo haikuwa utani. Wakoli alikasirika, akaacha chai. Naye Everlyne akamfuata hadi mlangoni akamwambia, "Ulimi wako utakuponza."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia mumewe. Ameniuliza, "Dada, nikilisema mbele ya Baba mdogo, nani ataamini sikumlaani?" Hata mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, kwa dakika moja niliwaza huenda ni laana. Amekusanya nguo zake kwenye gunia moja, liko nyuma ya mlango. Anangoja tarehe kumi kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Yeye hana mwingine ila wewe. Sema.

Agneta


Kitale,
1 Agosti 2024

Dada Agneta,

Salamu kwa Mama, kwa Sally, kwa Baba mdogo, kwa Everlyne na watoto. Hii ni ya kusomwa mbele ya wote tarehe kumi. Isome yote, usiruke kitu kwa kunihurumia.

Niliposoma barua yako nililiangalia lile neno "kurara" kwa muda mrefu. Kisha nikafungua lile sanduku la injini, sijui kwa nini, nikaanza kufuta mafuta ya kuzuia kutu. Nilipomaliza niliweza kuandika.

Nozo ilikuwa Nairobi. Mimi nilikuwa naingoja wiki nzima. Ijumaa nikaja Bungoma kwa ajili ya wageni wa Sally. Ijumaa hiyo hiyo jioni, nikiwa sina habari, nozo ilifika Kitale. Jumamosi mapema Wakoli aliirudisha mahali pake vizuri kabisa, akawasha injini ndege ikiwa chini, akazima, akakagua. Mafuta ya ndege yana rangi ya buluu. Aliona doa la buluu chini ya nati ya namba tatu. Akanipigia, kwa sababu mimi ndiye mkubwa kazini na mimi ndiye ninayetia sahihi.

Alisema: "Mukhisa, namba tatu imeregea."

Alikuwa anasema nati imelegea. Mimi nikasikia nozo imerejea, yaani imerudi kutoka Nairobi. Kwa ulimi wetu l ni r, na kurejea ni kuregea, kwa hivyo yote mawili yanatoka "imeregea", na sikio langu lilikuwa limeshachagua kwa sababu ndicho nilichokuwa nangoja. Sikumwuliza. Kazi yetu inataka mtu aulize, hata anapoambiwa na ndugu yake.

Nikamwambia: "Sawa. Funga, mruke."

Nilimaanisha airudishe nozo, afunge kifuniko, waende na Kipngetich kuijaribu angani. Yeye alisikia: kaza nati, mruke. Akaikaza. Kipngetich ameniambia Wakoli aliingia ndani ya ndege akisema, "Mukhisa amesema nifunge, nimefunga." Kisha akaniuliza, "Kweli ulimwambia?" Hilo ndilo swali ambalo sikujibu.

Nati ikishakazwa inavyotakiwa hailegei kwa dakika kumi bila sababu. Ikilegea, kuna kinachotikisika. Kuna kibano kidogo chenye mpira ndani, kinaushika mrija usitetemeke. Cha namba tatu kilikuwa kimepasuka kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka uinamie. Laiti ningesikia imelegea, ningemwambia usiruke, angalia kibano. Wakoli angeinama. Ni mtu wa kuinama.

Kwa hivyo ulimi wake haukumponza. Sikio langu ndilo lililomponza. Everlyne alisema neno la mke aliyekasirika, na hakuna nati iliyolisikia. Asirudi Cheptais. Maharagwe aliyopanda ayavune yeye.

Nilikimbia lufu kwa sababu nilijua nikisimama nitalisema neno lile, na watu wangelisikia. Sijalia mpaka leo. Naogopa kwamba sitalia. Ndiyo yote.

Mukhisa


Bungoma,
12 Agosti 2024

Mukhisa, mwana wa mama yangu,

Salamu zako zimefika kwa kila uliyemtaja, kwa jina, kama ulivyotaka. Mama hajambo. Maharagwe yako juani.

Jumamosi walikaa kwangu, watu kama thelathini. Nilisimama nikasoma yote. Sikuruka. Nilipofika pale penye neno, nilisoma kama ulivyoandika, imelegea, imerejea, na watu wakaangaliana. Baba mdogo akainua mkono. "Agneta, hapo umesoma neno moja mara mbiri. Kosa riko wapi?" Nikasoma tena. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Kijana ariambiwa imeregea, akajibu sawa. Si wariskizana?" Nikasoma mara ya tatu, polepole, nikaishika l kwa meno, na nakuambia kweli ulimi wangu uliyatoa yote mawili kwa sauti moja. Hakuna mtu pale aliyesikia ulichokosea. Miezi sita unakimbia watu, na neno lenyewe hawana masikio nalo.

Ndipo Everlyne akainuka kutoka kwa wanawake, akanichukulia karatasi. Akasema, "I-me-le-gea. I-me-re-jea." Mara moja tu. Aliyemsikia alimsikia. Kisha akasema mbele ya wote neno alilomwambia Wakoli mlangoni, na daftari la mtoto, na chai iliyobaki mezani. Akakaa chini. Hakulia na yeye.

Nami nikabaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa na langu. Nilikudanganya, Mukhisa. Nakumbuka kila kitu. Nilikuwa nyuma yako. Ulisema, "Sawa. Funga, mruke," na Wakoli alikuwa bado anaongea, niliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu. Alikuwa anaendelea kueleza kitu. Mimi ndiye niliyekuvuta mkono nikasema, "Wageni wako kwa geti, kata hiyo simu." Ukakata kwa sababu mimi ni dada yako mkubwa. Hilo nalo nimelisema mbele ya watu thelathini, na Sally akiwepo. Mara ngapi nimekuita mficha mambo kwenye barua hizi! Nyani haoni kundule.

Baba mdogo alivua kofia akaiangalia ndani. Akasema, "Basi. Neno rimesemwa. Mama wa watoto anabaki na watoto wake." Wakati watu wanatoka alimpitia Everlyne akamwuliza maharagwe yametoa magunia mangapi. Ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, na Everlyne alimjibu. Lile gunia la nguo sijaliona tena nyuma ya mlango.

Mama alikuwa amekaa karibu na ukuta muda wote, nikadhani amesinzia. Tulipomwinua aende kulala akasema, "Mwandikieni Mukhisa. Mwambieni aregee."

Everlyne akamshika mkono akamwuliza, "Mama, arejee ama alegee?"

Mama akamwangalia kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake. "Si ndio hiyo nimesema," akasema.

Dada yako,
Agneta